Pampu inaunguruma, chupa tupu: matatizo ya kukamua na kuhifadhi maziwa ya mama, na namna ya kuyatatua

Mama akikaribia kurudi kazini baada ya miezi 3 ya likizo ya uzazi, malalamiko huwa ni yale yale. Pampu inalia na maziwa hayatoki. Yametoka kidogo. Yamenuka. Stima zimepotea na friza imejaa. Na jibu la haraka la watu wa nyumbani ni moja: "Maziwa yamekauka, muanzishie ya kopo." Mara nyingi titi halina kosa lolote. Kosa liko kwenye kimpira kidogo cha pampu, kwenye faneli (kile kikombe chenye umbo la tarumbeta kinachowekwa kwenye titi) isiyomtosha mama, au kwenye joto la Mombasa. Sababu zilizo hapa chini zimepangwa kuanzia ile inayotokea sana; usiirukie ya mwisho kabla hujaikagua ya kwanza.

## Pampu inaunguruma lakini haivuti

Anza na kipimo cha kiganja. Unganisha pampu kama kawaida, iwashe, kisha ziba mdomo wa faneli kwa kiganja chenye unyevu kidogo. Ikivuta ngozi na kuiachia kwa mdundo, hewa haivuji. Nenda sehemu inayofuata. Isipovuta, kagua hivi:

Valvu. Huyu ndiye mkosaji mkubwa. Ni kile kimpira laini kilicho chini ya faneli, chenye ncha kama mdomo wa bata. Pampu nyingine zina kipande cha plastiki chenye kiwambo chembamba juu yake. Kishike mbele ya dirisha ukitazame: mpasuo wa nchani unatakiwa ufunge kabisa. Ukiona mwanga unapenya, au ncha imekunjamana, kimekwisha kazi. Hakishonwi wala hakigundiwi, kinabadilishwa. Anayekamua mara 3 kwa siku atahitaji kipya kila baada ya miezi 2 hivi, na mapema zaidi akiwa na tabia ya kuingiza kidole au brashi ndani wakati wa kuosha. Nunua viwili kwa pamoja, kimoja kikae mkobani.

Kuna jambo la kwetu hapa ambalo maelezo ya kwenye boksi hayalitaji: chumvi na chokaa. Maji ya visima, na mengi ya yale yanayoletwa kwa mikokoteni bomba likikauka, huacha unga mweupe yanapokauka. Unga huo ukikaa kwenye mpasuo wa valvu, haufungi tena, na pampu nzima yaonekana imekufa. Loweka valvu kwenye siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, kwa dakika 20, kisha isuuze. Baada ya hapo, kuosha kwa sabuni fanya kwa maji uliyo nayo, lakini suuza ya mwisho na kuchemsha vifanye kwa maji ya kunywa yasiyo na chumvi. Dakika 5 tangu maji yaanze kutokota zatosha, mara 1 kwa siku. Wanaochemsha nusu saa "ili vidudu vife kabisa" hawaui zaidi. Wanaulegeza mpira tu. Na sufuria iwe na maji ya kutosha vifaa vielee, kwani kinachogusa chini huyeyuka.

Maungio. Kile kikombe cha mpira kinachozuia maziwa yasirudi kwenye mota kikiwa na maji ndani, au ukingo wake haukukaa sawasawa, hewa hupitia hapo. Kifungue, kikaushe, kirudishe ukibonyeza ukingo wote kwa kidole.

Mrija. Kwa unyevu wa Pwani, matone ndani ya mrija ni kawaida. Baada ya kumaliza kukamua, uchomoe kwenye faneli uache pampu ivute hewa tupu kwa dakika 2 au 3. Ukiona madoa meusi au ya kijani, hiyo ni kuvu. Mrija unatupwa, hauoshwi.

Umeme. Chaji kwanza mpaka ijae, halafu ujaribu tena kwa adapta yake yenyewe, si ya simu. Ikiwa pampu imeletwa na jamaa kutoka Marekani, soma kibandiko cha adapta kabla hujaichomeka. Kikisema 100–240V, haina neno, itahitaji plagi ya kubadilisha miguu tu. Kikisema 120V peke yake, stima yetu ya 240V itaiunguza papo hapo.

Mota. Ikiwa vyote vimekaguliwa na pampu ina mwaka au zaidi ya matumizi ya kila siku, huenda imechoka.

Acha kutumia: ikinuka kuungua, ikipata joto mkononi, au maziwa yakiingia ndani ya mota. Pampu ya kuazima isiyo na kizuizi cha maziwa kurudi usiitumie hata ukibadilisha chupa na faneli, kwa sababu maziwa ya mwenye pampu huweza kubaki mahali usipofika kuosha.

## Pampu inavuta vizuri, maziwa ni machache

Kwanza tukubaliane "machache" ni kiasi gani. Mama anayekamua baada tu ya kunyonyesha kupata ml 15 hadi 60 kwa matiti yote mawili ni sawa kabisa. Anayekamua badala ya kunyonyesha, yaani mtoto yuko mbali, hupata kama ml 60 hadi 120. Zile chupa mbili zilizojaa pomoni kwenye picha mitandaoni ni za mama mwenye maziwa ya ziada, au aliyekusanya ya mara kadhaa. Mtoto wa kati ya mwezi 1 na miezi 6 hunywa wastani wa ml 750 hivi kwa siku nzima. Kwa saa utakayokuwa mbali naye, hesabu ml 30 hadi 45. Ukiwa nje kwa saa 9 pamoja na foleni ya feri ya Likoni, mwachie ml 270 hadi 400, si lita nzima.

Ikiwa kweli ni chini ya hapo, sababu zaja kwa mpangilio huu.

*Faneli si saizi yako.* Nyingi huja na ya mm 24, na wanawake wengi haiwatoshi: ni kubwa, au ni ndogo. Pima upana wa chuchu yenyewe kwa rula kabla ya kukamua, bila kile kiduara cheusi, kisha ongeza mm 1 hadi 3. Chuchu ya mm 17 yataka faneli ya mm 18 hadi 20. Dalili ya kubwa ni kiduara cheusi kuvutwa ndani ya bomba la faneli. Ya ndogo ni chuchu kusugua kuta na kutoka na rangi nyeupe. Vipete vya silikoni vya kupunguza upana hufanya kazi nzuri na ni nafuu kuliko faneli mpya.

*Maziwa hayajashuka.* Pampu haitoi maziwa kwa nguvu. Mwili ndio huyaachia. Anza na mvuto mwepesi wa haraka kwa dakika 2, yakianza kutiririka badilisha uende mvuto mrefu wa polepole. Kuongeza nguvu mpaka uumie hubana mirija na kupunguza maziwa. Kitambaa cha uvuguvugu kwenye titi kwa dakika 2, nguo ya mtoto yenye harufu yake, au kuacha kuikodolea macho chupa, vyote husaidia.

*Umeruka zamu.* Titi lililojaa kwa muda mrefu hupokea ujumbe wa kupunguza kutengeneza. Kazini kamua kila baada ya saa 3. Usiku nyonyesha, na usiondoe mnyonyo wa alfajiri.

*Dawa.* Vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini hupunguza maziwa. Vivyo hivyo vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Mwambie muuza dawa na mhudumu wa kliniki kuwa unanyonyesha kabla hawajakupa chochote.

*Mimba mpya, au matatizo ya homoni kama ya tezi la shingoni.* Haya ni ya daktari.

Uji wa pilipili manga unywe, ni chakula na unapasha mwili. Lakini haurekebishi faneli ya mm 24 kwenye chuchu ya mm 16. Na katika Ramadhani, mama anayenyonyesha ana ruhusa ya kutofunga akihofia afya yake au ya mwanawe. Aliyefunga akipata kizunguzungu au mkojo mzito wa rangi ya chai asisubiri magharibi.

Ikiwa pampu imekwama kabisa, mkono haukwami. Nawa kwa sabuni, inama mbele kidogo. Weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, kama sm 3 kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, kisha bana, kisha achia. Vidole visiteleze kwenye ngozi. Kuteleza ndiko kunakochubua. Matone ya kwanza huchukua dakika 1 au 2, usikate tamaa. Dakika 3 hadi 5 titi la kwanza, hamia la pili, rudi tena, ukizungusha mkono ili pande zote zitoke. Nusu saa kwa yote yatosha. Wako wanaopata mengi zaidi hivi kuliko kwa mashine ya maelfu.

Nenda kliniki: mtoto aliyepita wiki 1 akilowesha nepi chini ya 6 kwa siku, akiwa mlegevu, au uzito haupandi kwenye kitabu chake cha kliniki.

## Chuchu inauma au imechubuka

Kwa kawaida ni faneli au nguvu nyingi. Punguza mvuto mpaka usipouma, panga titi katikati ya faneli, paka tone la maziwa yako au mafuta safi ya nazi ndani ya bomba la faneli lisisugue. Maumivu ya kuchoma yanayobaki hata baada ya kubadilisha saizi, au ngozi inayong'aa na kuwasha, yataka kuangaliwa.

## Titi limekuwa gumu, lina uvimbe, au lina joto

Hapa ushauri wa zamani na wa sasa vimeachana. Zamani mama aliambiwa akande kwa maji moto na kulikamua titi kwa nguvu mpaka uvimbe uishe. Ukandaji wa nguvu huumiza tishu na kuzidisha uvimbe, na kukamua zaidi ya mahitaji ya mtoto huliambia titi litengeneze mengi zaidi. Fanya hivi: nyonyesha au kamua kwa ratiba yako ya kawaida, bila kuongeza. Baada ya hapo weka kitambaa chenye barafu kwa dakika 10 hadi 15. Pitisha vidole kwa wepesi kutoka kwenye titi kuelekea kwapani, kama unayepaka losheni. Vaa sidiria isiyobana. Paracetamol kwa kipimo chake yafaa, ibuprofen pia kwa asiye na vidonda vya tumbo wala mzio.

Hapa ndipo pa kuacha kujitibu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiwa na homa ya digrii 38.5 au zaidi, baridi ya mwili mzima, wekundu unaosambaa, au usaha. Hata bila homa, maumivu yasiyopungua ndani ya saa 24 yanahitaji mhudumu. Uvimbe unaobonyea kama una maji ndani huenda ni jipu, na jipu hutolewa na daktari, halipasuliwi nyumbani. Maziwa ya titi hilo kwa kawaida bado ni salama kwa mtoto. Usiache kuyatoa, muulize tu daktari kuhusu dawa atakayokuandikia.

## Maziwa yamebadilika rangi, yametengana, au yananuka

Kutengana si kuharibika. Mafuta hupanda juu na maji hubaki chini. Zungusha chupa polepole yachanganyike. Rangi ya samawati hafifu, manjano au krimu ni ya kawaida, na kijani kidogo huja baada ya kula mchicha au kisamvu kwa wingi. Waridi au kahawia mara nyingi ni damu ya chuchu iliyopasuka, na kiasi kidogo hakimdhuru mtoto. Damu ikiendelea zaidi ya wiki 1, au ikitoka titi moja bila kidonda, onana na daktari. Yakitoka meupe kisha yakageuka waridi yenyewe ndani ya chupa, usimpe mtoto. Huenda ni bakteria. Yamwage, badilisha valvu na mrija, nawe upimwe pamoja na mtoto.

Harufu ndiyo inayochanganya wengi. Maziwa ya friji yanayonuka kama sabuni au chuma hayajaoza: mafuta yake yamevunjwavunjwa na kimeng'enya kiitwacho lipesi, au yameingiliwa na hewa. Watoto wengi huyanywa bila tatizo. Mtoto akiyakataa, dawa ni kuyapasha maziwa *mapya* kabla ya kuyagandisha: sufuria ndogo, moto mdogo, mpaka vipovu vidogo vitokee pembezoni, yaani kama digrii 82, bila kutokota. Yapoze haraka kwenye bakuli la maji ya barafu, ndipo uyagandishe. Hupunguza baadhi ya kinga, kwa hivyo fanya tu ukilazimika. Yaliyokwisha kunuka sabuni hayarudi nyuma.

Yanayonuka uchachu kama mtindi, au yenye mabonge yasiyochanganyika hata ukizungusha, yamwage.

## Yameharibika kabla ya kufika nyumbani

Kipimo kinachoenea ni saa 4 kwa joto la nyuzi 25 au chini yake. Kuanzia Desemba hadi Machi, vyumba vingi vya Mombasa mchana havishuki hapo. Chumba cha mabati ndio kabisa. Kwa hiyo twashauri saa 2 nje ya baridi, na ndani ya tuktuk au gari lililoegeshwa juani hata hizo ni nyingi.

Sababu ya kawaida ni begi la baridi lisilokuwa baridi. Begi halitengenezi ubaridi, linautunza tu. Weka jeli za barafu zilizogandishwa usiku kucha, angalau 2, moja kila upande wa chupa, zikigusana na chupa. Kwa hali hiyo maziwa hukaa mpaka saa 24, ila hesabu hiyo ni ya begi zuri lisilofunguliwa kila mara. Kwa safari ya kawaida yafikishe friji jioni hiyo. Huna jeli? Chupa 2 za plastiki za nusu lita, zijaze maji robo tatu uzigandishe. Zitafika Ukunda zikiwa bado na barafu.

Sababu ya pili ni kumimina maziwa ya uvuguvugu juu ya yaliyopoa. Yapoze mapya kwanza, ndipo uyachanganye. Sababu ya tatu ni mlango wa friji. Maziwa hukaa nyuma kabisa, rafu ya kati, kwa digrii 4, mpaka siku 4. Friji ya familia inayofunguliwa na kila mtu anayetaka maji, tumia siku 3. Kile kichumba cha barafu ndani ya friji ya mlango mmoja kinahimili wiki 2 tu. Friza yenye mlango wake, digrii −18, miezi 6 kwa ubora.

Gawa ml 60 hadi 120 kwa kila chupa au mfuko, acha sm 2 juu kwani maziwa hutanuka yakiganda, andika tarehe na saa. Kazini andika na jina, kwa herufi kubwa. Kwa familia za Kiislamu hili si usafi tu: maziwa ya mama mwingine huweza kuleta undugu wa kunyonya, na undugu huo huzuia ndoa. Chupa isiyojulikana ya nani haipewi mtoto yeyote. Kiafya pia, maziwa hayaazimwi bila vipimo vya mama, na mama anayetumia dawa za VVU afuate mpango wa kliniki yake.

Mwajiri akisema hakuna muda wala pahali, Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 yasema vipo: chumba cha kunyonyeshea au kukamulia, na mapumziko yanayolipwa yasiyozidi jumla ya saa 1 kwa kila saa 8 za kazi, nje ya muda wa chakula.

## Stima zimepotea

Usifungue. Friza iliyojaa hutunza ubaridi kama saa 48 ikifungwa, iliyojaa nusu saa 24, friji ya kawaida saa 4 tu. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji ya kugandisha kabla janga halijafika. Stima zikirudi, shika kila mfuko: wenye chembe za barafu ndani unaweza kugandishwa tena. Ulioyeyuka wote lakini ungali wa baridi tumia ndani ya saa 24, usiugandishe. Uliofikia uvuguvugu, mwaga. Inauma, lakini mwaga.

## Mtoto anakataa alichoachiwa

Angalia joto kwanza. Maziwa yaliyogandishwa yayeyushe ndani ya friji usiku mmoja, au weka mfuko kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Maikrowevu hapana, kwani hupasha kwa madoa na kuunguza ulimi. Kuchemsha jikoni pia hapana. Jaribu tone kwenye kifundo cha mkono: lisisikike moto wala baridi.

Pili, anayelisha. Watoto wengi huikataa chupa kwa mama na kuikubali kwa bibi au yaya, kwa sababu harufu ya titi iko karibu. Mama atoke chumbani. Tatu, jaribu kikombe kidogo kisicho na ncha kali: mtoto amekaa wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike kwenye ukingo na yeye ayalambe mwenyewe. Usimmiminie, atapaliwa. Mwelekeze yaya siku 10 kabla ya kurudi kazini, si usiku wa kuamkia. Mwambie na jambo hili wazi: kilichobaki kwenye kikombe hutumika ndani ya saa 2 tangu mtoto aanze kunywa, kisha humwagwa, hakirudi friji.

Usingoje: mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa ya digrii 38, anayetapika kijani, asiyeamka kunyonya, au aliyekataa kila njia kwa zaidi ya saa 8, mpeleke hospitali usiku huo huo.